Moteri ya V8 Kwenye Milima ya Butembo

    

Leo mazungumzo yetu hapa Butembo ni juu ya magari. Najua wengi wanafurahi kusikia hivyo, hasa vijana. Jioni nawaona vijana wetu wameinamia simu, wanatazama magari ya kifahari yakishindana. Hili lina farasi mia tano, lile linafika kilometa mia kwa saa ndani ya sekunde nne. Namba hizo wanazijua kwa moyo. Ukiwauliza, watakutajia bila kusita. Lakini ukiwauliza swali la pili, kwamba namba hizo zilipimwa wapi, katika hewa gani, kwa esanse gani, juu ya barabara gani, wananyamaza. Swali hilo la pili ndilo la leo. Nalisema sasa, na nitalirudia: namba za gari zilipimwa wapi?

Tuchukue gari moja, tulichunguze kutoka moteri hadi matairi. Gari lenyewe ni Mercedes-Benz 450 SLC 5.0. Ni gari la milango miwili na viti vinne, lenye boneti ndefu, gari la watu wenye fedha zao. Lilitengenezwa Ujerumani, na lilionyeshwa mara ya kwanza huko Frankfurt mwaka 1977. Kufikia mwaka 1980, lilipobadilishwa jina likaitwa 500 SLC, yalikuwa yametengenezwa 1,636 tu.

Mtaniuliza: kwa nini gari la zamani hivyo, wakati kuna mapya mengi yenye nguvu zaidi? Nimelichagua kwa sababu hili lilikuja kwetu. Lilikuja Afrika Mashariki, likaingizwa kwenye tope, mawe na vumbi, likashindana na mengine mbele ya macho ya dunia. Magari mengi ya kifahari yamesifiwa kwenye karatasi. Hili lilifanya mtihani kwenye barabara zinazofanana na zetu, na matokeo yake yameandikwa.

Basi tuanze na moteri.

Tunaposema V8, tunasema nini? Tunasema moteri yenye silinda nane, nne upande wa kushoto na nne upande wa kuume, zimeinama pande mbili kama herufi V, na zote nane zinazungusha mhimili mmoja ulio chini. Kwa nini wasizipange zote nane kwa mstari mmoja? Zamani walizipanga hivyo. Lakini moteri ya namna hiyo ni ndefu sana, boneti haiwezi kuimeza kwa urahisi, na mhimili wake mrefu hupenda kujinyonga kazi inapokuwa nzito. Ukizigawa nne kwa nne, moteri inakuwa fupi, mhimili unakuwa mfupi na mgumu. Halafu kuna utamu mwingine. Katika V8 ya kawaida, silinda moja huwaka kila mhimili unapozunguka robo ya duara. Robo, mlipuko. Robo, mlipuko. Hakuna pengo. Ndiyo maana moteri hiyo ina sauti nzito iliyotulia, na ndiyo maana abiria hasikii mtetemeko. Mhimili ukizunguka mara 5,000 kwa dakika, kuna milipuko 20,000 ndani ya dakika hiyo moja, yote kwa zamu, na hakuna silinda inayomkosea mwenziwe.

Moteri ya gari letu la leo ilikuwa na ukubwa wa lita 5 na kidogo. Iliandikwa farasi 240. Kutoka kusimama hadi kilometa 100 kwa saa, sekunde 8 na nusu. Mwendo wa mwisho, kilometa 225 kwa saa. Mwaka 1978 hizo zilikuwa namba za heshima kabisa. Na Wajerumani walifanya jambo lingine la akili: mwili wa moteri waliufanya kwa aluminiamu badala ya chuma cha kawaida, na boneti na mfuniko wa buti pia wakavifanya kwa aluminiamu. Gari likapungua zaidi ya kilo mia moja kuliko ndugu yake wa lita 4 na nusu. Kilo mia moja ni mifuko miwili ya saruji ambayo moteri haitaibeba tena, kupanda na kushuka, maisha yote ya gari. Mimi nasema kupunguza uzito ni kazi ya maana kuliko kuongeza farasi. Farasi wanakula esanse. Uzito uliopunguzwa hauli kitu.

Sasa turudi kwenye swali letu. Farasi 240 hao walipimwa wapi?

Watengenezaji wa magari wanapoandika nguvu ya moteri, wanaiandika kwa hewa ya mahali pa chini, karibu na usawa wa bahari. Huko hewa ni nzito, imeshikana. Na moteri inakula hewa kabla ya kula esanse. Bila hewa ya kutosha, esanse haiwaki vizuri. Je, Butembo iko usawa wa bahari? Ninyi mnaojua njia ya Kasindi, pale mpakani na Uganda, mnajua jibu. Kule chini kwenye bonde la Semuliki tuko mita elfu moja hivi juu ya bahari. Tunapanda hadi Beni, tunapanda tena kupita Maboya, hadi tunafika hapa kwetu, karibu mita 1,800. Na hewa ya mita 1,800 ni nyepesi kuliko ya pwani. Katika kila sehemu kumi za hewa ya Mombasa, hapa tumebaki na nane na kitu.

Maana yake ni nini kwa V8 yetu? Maana yake ni kwamba farasi 240 walioandikwa Ujerumani wakifika Butembo wanabaki kama 200. Hakuna aliyewaiba. Moteri haijachoka, fundi hajakosea. Ni hewa. Kila moteri inayovuta hewa yenyewe, bila turbo, inapoteza karibu sehemu moja katika mia kwa kila mita mia unazopanda. Kwa hiyo kijana anaponiambia gari la mjomba wake lina farasi 240, namwambia: kule Mombasa, ndiyo.

Na hewa hiyo nyepesi inafanya jambo lingine, ambalo mama zetu wanalijua bila kufundishwa na mtu. Mama aliyetoka Kasindi akaja kuishi Lubero anaona maharagwe yanachelewa kuiva. Moto ni uleule, maharagwe ni yaleyale. Lakini huku juu maji yanachemka mapema, kabla hayajapata joto kali la kuivisha. Pwani maji yanachemka kwenye digrii 100. Kwetu Butembo yanachemka kwenye digrii 94 hivi. Sasa fikirieni radiatori ya gari. Moteri inafanya kazi kwa joto la digrii 90 na zaidi. Mfuniko wa radiatori ukiwa umekufa, haushiki tena mgandamizo, maji ya gari lako yanachemka mapema, na unabaki barabarani boneti iko wazi na moshi mweupe unapanda. Moteri ya chuma inaweza kuvumilia kidogo. Moteri ya aluminiamu haivumilii. Ikipata joto kupita kiasi, kichwa chake kinapinda, na kichwa kilichopinda ni gharama kubwa.

Kwa hiyo nisikilizeni vizuri hapa. Mwenye moteri ya aluminiamu, usijaze maji ya mto kwenye radiatori ukaona umemaliza. Maji ya mto yana udongo na chumvi, yanakula aluminiamu kwa ndani polepole. Tia maji maalum ya radiatori, yale yenye dawa, ambayo pia huchelewa kuchemka. Na mfuniko wa radiatori, kile kidude kidogo ambacho watu wengi hawakitazami, ukiona mpira wake umekauka, badilisha.

Sasa nije kwenye mtihani wenyewe.

Kenya kulikuwa na mashindano ya magari yaliyoanza mwaka 1953, yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye yakajulikana kama Safari Rally. Yalifanyika wakati wa Pasaka, wakati mvua za masika zinapoanza, na sifa yake ilikuwa moja: gari zima halibaki zima hadi mwisho. Mwaka 1979 Mercedes-Benz walileta SLC yao Nairobi. Hebu wazeni: gari la tajiri, lenye viti vya kifahari na sanduku la vitesi la otomatiki, linakwenda kushindana kwenye tope, kwa kilometa elfu tano hivi. Na Nairobi iko juu, karibu sawa na sisi hapa Butembo. Hewa yake ni hewa yetu. Tope lake ni tope letu.

Matokeo yalikuwaje? Hannu Mikkola, dereva kutoka Finland, akamaliza wa pili na SLC. Wa pili! Gari la milango miwili la kwenda kazini Stuttgart! Lakini wa kwanza alikuwa nani? Wa kwanza alikuwa Shekhar Mehta. Mehta alikuwa mtoto wa jirani zetu, alizaliwa Uganda mwaka 1945, na baada ya Idi Amin kuwafukuza Wahindi mwaka 1972 akafanya makazi yake Kenya. Na alikuwa anaendesha gari gani? Datsun 160J. Silinda nne. Lita 2.

Narudia, kwa wale wanaoingia sasa kwenye kipindi. Silinda nane na lita 5 zilishindwa na silinda nne na lita 2. Na siyo mara moja. Mwaka uliofuata, 1980, Mehta akashinda tena na Datsun, Mercedes wakapata nafasi ya tatu kwa mkono wa Vic Preston mdogo, dereva wa Kenya. Mehta akashinda tena 1981, na tena 1982. Ukihesabu na ule ushindi wake wa 1973, ni mara tano.

Je, V8 ilikuwa gari baya? Hapana, wasikilizaji. Msiondoke na wazo hilo. Mwezi wa kumi na mbili wa 1979, kule Ivory Coast, kwenye mashindano ya Bandama, magari ya Mercedes yalichukua nafasi ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne. Zote nne. Mikkola mbele. Na mwaka 1980 Björn Waldegård wa Sweden akashinda Bandama tena na 500 SLC. Kisha Mercedes wakaacha mashindano hayo. Kwa hiyo gari lilikuwa zuri, lilikuwa na nguvu, lilikuwa imara. Lakini kule Kenya lilikutana na gari jepesi, na mtu anayejua barabara.

Tuangalie basi Wajerumani walifanya nini ili SLC iweze kuishi kwenye tope la Afrika. Hapo ndipo kuna somo la fundi. Waliliinua gari juu, kwa sababu SLC ya dukani iko chini, ingekwaruza tumbo kwenye jiwe la kwanza. Waliweka bamba nene chini ya moteri. Waliimarisha resori na amotisere. Waliongeza taa. Na sanduku la vitesi waliliacha otomatiki, lenye vitesi vitatu tu. Watu wengi waliona ajabu. Otomatiki kwenye mashindano? Lakini kulikuwa na sababu. Katika otomatiki ya aina hiyo, nguvu ya moteri inapita ndani ya mafuta kabla ya kufika kwenye magurudumu. Gari linaporuka shimo na gurudumu likagonga ardhi kwa ghafla, pigo linamezwa na mafuta, halirudi lote kwenye meno ya vitesi. Mguu wa kushoto hauna embreyaji ya kukanyaga, kwa hiyo uko huru kwa ajili ya freni. Na kwenye utelezi, nguvu inakuja taratibu, gurudumu halipigi wazimu. Madereva wetu wa magari makubwa wanaocheka otomatiki, waifikirie hiyo.

Lakini angalieni jambo hili. Katika kazi yote hiyo niliyoitaja, kuna hata moja iliyohusu zile kilometa 225 kwa saa? Hakuna. Mwendo wa mwisho haukuwasaidia kitu. Waliyoyashughulikia ni kimo cha gari, resori, kinga ya chini, joto na vitesi. Na hayo yote hayapo katika zile namba ambazo vijana wetu wanazikariri kwenye simu.

Hapa nataka nikae kidogo juu ya namba moja ambayo watu wanaipita haraka. Ni nguvu ya kuzungusha, ile inayoandikwa kwa nyutoni-mita. Farasi wanakuambia gari linaweza kufanya kazi kiasi gani moteri inapopiga kelele za mwisho. SLC ilipata farasi wake 240 kwenye mizunguko 5,000 kwa dakika. Ni nani kati yenu anayepanda mlima wa kwenda Lubero, na mzigo, kwenye mizunguko 5,000? Hakuna. Mnapanda kwenye 1,500, 2,000, labda 3,000. Hapo kinachowapandisha ni nguvu ya kuzungusha. SLC ilikuwa na nyutoni-mita 404, na ilizifikia kwenye mizunguko 3,200, mapema kabisa. Hilo ndilo lililokuwa tunu ya V8 ile: kukanyaga kidogo, na gari linaondoka bila kelele. Ukisoma karatasi ya gari, soma namba hiyo kwanza, na usome imeandikwa kwenye mizunguko mingapi. Ikiwa inakuja mapema, gari hilo linajua milima. Ikiwa inakuja juu sana, gari hilo linataka barabara iliyonyooka, na wewe unajua kama unayo.

Sasa tuje kwa V8 tunayoijua sote hapa. Mtu akisema V8 katika mji wetu, hasemi Mercedes ya milango miwili. Anasema Land Cruiser, lile kubwa la wakubwa, lenye vioo vyeusi. Watoto wakiliona wanapiga kelele: V8! Na kuna watu wanaamini kwamba bila V8 hakuna gari. Basi sikilizeni Toyota wenyewe walifanya nini. Land Cruiser 200, lililotoka mwaka 2007, lilikuwa na moteri ya mazutu ya V8, lita 4 na nusu, na turbo mbili. Mwaka 2021 wakaleta Land Cruiser 300. V8 ikaondoka. Wakaweka V6 ya mazutu ya lita 3.3, na ile V6 inatoa nyutoni-mita 700, zaidi ya V8 iliyotangulia. Na lile Land Cruiser la kazi, la 70, ambalo mashirika yamejaza Kivu yote? Mwaka 2023 wakalileta na moteri ya silinda nne, lita 2.8, yenye nyutoni-mita 500. Ile V8 yake ilikuwa na 430. Silinda nne, zaidi ya nane!

Imewezekanaje? Kwa turbo na mitambo ya kisasa zaidi, maana hata V8 hizo zilikuwa na turbo. Turbo inasukuma hewa ndani ya moteri kwa nguvu, badala ya kuiacha moteri ivute yenyewe. Na kwetu sisi watu wa milimani hiyo ni habari njema mara mbili, kwa sababu turbo inafidia sehemu kubwa ya ile hewa nyepesi. Moteri yenye turbo ikifika Butembo inahisi mlima kidogo tu. Ile isiyo na turbo inahisi sana.

Lakini, na hapa nataka kuwa mkweli kwenu, turbo na mitambo ya kisasa inataka esanse safi na mazutu safi. Ninyi mnajua tunanunua wapi. Kuna vituo, na kuna ma-Kadhafi wetu, wauza esanse wa pembeni ya barabara, na chupa zao na bidoni zao. Siwasemi vibaya, wanatafuta maisha kama sisi sote, na bila wao wengi tungetembea kwa mguu. Lakini bidoni haina kichujio. Ndani kunaweza kuwa na maji, kunaweza kuwa na petroli ya taa, kunaweza kuwa na uchafu wa safari nzima tangu mpakani. SLC ya 1978 iliugandamiza mchanganyiko wa hewa na esanse kidogo, chini ya mara tisa, kwa hiyo iliweza kuvumilia esanse ya wastani. Moteri nyingi za kifahari za leo zinagandamiza mara kumi na zaidi, na zinapuliza esanse kupitia vitundu vyembamba mno. Zikipewa esanse dhaifu, moteri inagonga ndani, tiki-tiki-tiki, hasa ukipanda mlima. Ukisikia kugonga huko kwa moteri, punguza mguu mara moja. Kila pigo linakula pistoni yako.

Ndiyo sababu yale Land Cruiser ya zamani yenye silinda sita kwa mstari, ya mazutu, yasiyo na turbo, bado yanatembea kutoka Kanyabayonga hadi Beni. Farasi wake ni wachache, kama mia na thelathini. Lakini pampu yake ni ya chuma tupu, inameza mazutu yoyote, na kila garaje ya Butembo ina mtu anayeweza kuifungua na kuifunga. Piese zake zinapatikana. Kwangu mimi, upatikanaji wa piese ni sehemu ya ubora wa gari, sawa na farasi, hata kama hakuna kiwanda kinachouandika.

Nigusie volani, kwa haraka. Sisi Kongo tunaendesha upande wa kuume wa barabara. Uganda wanaendesha kushoto. Pale Kasindi, ukivuka daraja, unabadilisha upande. Magari mengi yanayotoka Japani na kupitia Kampala yana volani upande wa kuume. Kwenye barabara yetu, dereva wa namna hiyo anapotaka kupita lori lililo mbele yake, haoni kitu mpaka nusu ya gari lake iwe tayari imetoka katikati ya njia. Na gari likiwa na nguvu nyingi, linamshawishi kupita. Hatari inaongezeka.

Na hapo tufike kwenye freni, maana sipendi kuagana nanyi bila kuzisema. Mwezi wa sita mwaka 2021, Rais Tshisekedi na Rais Museveni walikutana pale mpakani, Kasindi na Mpondwe, kuanzisha mradi wa barabara: kilometa 80 za Beni hadi Kasindi, kilometa 54 za Beni hadi Butembo, na ile ya Bunagana hadi Goma. Kila mahali lami inapofika, mwendo unapanda. Ni jambo la furaha, tumeingojea miaka mingi. Lakini sikilizeni hesabu hii. Ukizidisha mwendo mara mbili, freni zako hazina kazi mara mbili. Zina kazi mara nne. Ukizidisha mara tatu, kazi ni mara tisa. Kwenye kilometa 100 kwa saa, gari linakwenda karibu mita 28 kwa sekunde moja. Mtoto akitokea, ile sekunde moja ya kushtuka kabla mguu haujagusa freni, gari limeshakula mita 28. SLC ilikuwa na freni za disiki kwenye magurudumu yote manne, za mbele zikiwa na matundu ya kupitisha hewa zisipate moto. Je, gari lako unalotaka kulikimbiza kwenye lami mpya lina freni gani? Umeziangalia lini?

Kuna pia nyakati tunapopita kwa msafara, tukisindikizwa na askari, kwa sababu ya usalama wa njia zetu. Hapo V8 na silinda nne, zote zinakwenda kwa mwendo wa lori la mwisho. Saa nyingi polepole, kwenye jua la Semuliki. Moteri kubwa inakula esanse na inapata joto bila upepo wa kutosha mbele. Kabla ya kuingia kwenye msafara, angalia maji, angalia feni, angalia mafuta ya moteri. Gari likikwama katikati ya msafara, linaweka wenzako wote hatarini.

Basi, kijana wangu unayekusanya dola ili uende Kampala, au umwagize ndugu yako aliye Dubai, usikilize ombi langu. Gari zuri lipende, hata mimi nalipenda, na sauti ya V8 iliyotunzwa ni kitu cha kufurahisha masikio. Lakini muuzaji akikutajia farasi, muulize nguvu ya kuzungusha inakuja kwenye mizunguko mingapi. Uliza kama kuna turbo. Uliza tumbo la gari liko juu kiasi gani kutoka ardhini, na upime mwenyewe kwa mkono. Uliza moteri ni ya chuma au ya aluminiamu, na imewahi kuchemka au hapana. Uliza volani. Kisha, kabla ya kutoa hata dola moja, piga simu kwa fundi wako hapa Butembo umuulize: piese zake tunazo? Akisema hatuna, rudisha fedha mfukoni, utafute jingine.

Nanyi mafundi wa garaje zetu, mnaojua magari haya kuliko karatasi zozote, njooni studio juma lijalo, mtueleze ni moteri zipi zinazowajia zikiwa zimekufa, na zimeuawa na nini. Tutafungua simu, watu watauliza.